Vumbi la Nkuhungu na mama anayerudi saa 1 usiku

*Shangazi, shikamoo.*

*Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na kazi yangu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri, nabadilisha daladala mjini, narudi saa 1 usiku. Nina watoto watatu: wa kiume ana miaka 12, wa kike 9, mdogo 4. Baba yao yuko Singida kikazi, anakuja mwisho wa wiki. Dada wa kazi aliondoka mwezi wa nane. Tangu hapo nadeki nyumba nzima kila usiku mpaka saa 5, na nikiamka kwenda kuoga nyayo zangu zinaonekana kwenye marumaru. Maji tunapata kwa mgao, siku mbili kwa wiki. Huyu mdogo siku hizi anaamka na chafya na kikohozi. Mama mkwe alikuja kutoka Kondoa, akapitisha kiganja juu ya kabati, akakitazama, akanyamaza. Bora angesema. Jirani anataka kuniletea binti kutoka kijijini kwao, ana miaka 13. Nifanyeje?*

*Mama wa Watatu, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kikohozi cha mdogo. Tuanzie hapo. Kabati la mama mkwe litasubiri.

Miaka ya 1980 nilikuwa muuguzi wa zamu hapa hapa Dodoma, tunakaa Chang'ombe kwenye nyumba ya sakafu ya saruji. Kila alfajiri kabla sijatoka nilifagia chumba cha watoto kwa ufagio wa chelewa, wenyewe wamelala. Nilijiona mama hodari. Kijana wangu wa pili akaanza kubanwa kifua, na daktari aliyempima akaniuliza swali moja: "Mtoto akiwa amelala, wewe unafanya nini humo chumbani?" Nilikasirika. Kesho yake nikashika ufagio kama kawaida, na siku hiyo nilichelewa kidogo, jua limeshachomoza. Mwale ukapenya pembeni ya pazia na nikaona. Vumbi lilikuwa limesimama hewani kuanzia sakafuni mpaka juu ya kitanda, linazunguka taratibu, na mwanangu amelala kinywa wazi katikati yake. Niliuweka ufagio chini nikakaa kitandani.

Ufagio mkavu unalinyanyua vumbi. Lile zito linarudi chini baada ya dakika chache, lakini lile laini, linalofika ndani ya kifua, linaelea saa nyingi. Kwa hiyo mwanangu, kuanzia leo ufagio mkavu usiingie chumba anacholala mtoto. Chukua tambara, lichovye, likamue mpaka lisidondoshe tone, ndipo ufute. Anza juu: fremu ya dirisha, kabati, mbao za kitanda. Sakafu iwe ya mwisho, na mtoto awe chumba kingine. Shuka lake lifuliwe kila wiki hata kama mengine yanangoja. Na kama kifua chake kinapiga filimbi, au unaona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi.

Sasa hilo vumbi lenyewe. Wewe umeandika kana kwamba ni kosa lako. Dodoma mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikifika Aprili zimekwisha, na kwa mwaka mzima wastani hauzidi milimita 600. Baada ya hapo ni miezi ya ukavu mtupu, upepo unavuma mchana kutwa, na mitaa mingi ya Nkuhungu bado ni ya udongo. Hata ungekuwa unashinda nyumbani, nyayo zingeonekana. Kudeki nyumba nzima kila usiku ni kuugombeza upepo, na wewe unahitaji kulala.

Nguvu hiyo ihamishie mlangoni. Kiangazi upepo wetu hupenda kutoka upande wa mashariki, basi madirisha ya upande huo yafungwe mnapoondoka asubuhi, uyafungue usiku upepo ukitulia. Shona mfuko mrefu wa kitenge, ujaze mchanga, uulaze chini ya mlango wa mbele. Utashangaa kilo ngapi za udongo zilikuwa zinapita kwenye mwanya ule wa vidole viwili. Nje ya mlango weka gunia la katani la kukung'utia miguu, na ndani ya mlango tambara lenye unyevu. Viatu vyote vibaki barazani, vya wageni pia, na mgeni hatakuchukia. Na zile nyavu za mbu kwenye madirisha, ambazo kila mtu anazisahau, ndizo ghala la vumbi: zipitishie brashi yenye maji kila Jumamosi, kwa upande wa nje.

Jumatatu hadi Ijumaa shughulika na vitu vitatu tu: vyombo visilale na uchafu, choo kisafishwe, na sakafu ya jikoni na pale mdogo anapochezea ifutwe. Hivyo ndivyo vinavyoleta maradhi. Sebule ikilala na vumbi siku mbili hakuna atakayelazwa hospitali.

Maji nayo yafanye kazi zaidi ya moja. Fua siku ya mgao. Maji ya mwisho ya kusuuzia yaweke kwenye diaba, ndiyo ya kudekia, na yakishadeki yanakwenda chooni. Dumu moja la lita 20 linapita mikono mitatu kabla ya kumwagwa. Ukiona sabuni ya kipande haitoi povu na inaacha utando kwenye beseni, jua maji yako ni magumu, kama ya visima vingi vya huku. Tumia sabuni ya unga, inayavumilia vizuri zaidi.

Hujaniambia watoto wanafanya nini, na hilo limenishangaza. Kijana wa miaka 12 anaweza kudeki sebule kabla hujafika. Binti wa 9 anaosha vikombe na sahani, sufuria zenye ukoko unazimaliza wewe. Mdogo anapanga viatu barazani, na atavipanga kwa fahari. Tafadhali usimwachie binti kazi zote kwa kuwa ni binti. Nimewalea wavulana wanne, wote wanadeki, na wake zao wananipigia simu kunishukuru. Mwanzoni kijana ataacha michirizi ya maji. Usirudie kazi yake mbele ya macho yake.

Baba yao akija Ijumaa aje na kazi yake: mapazia na kusugua mapipa ya maji. Mwambie mapema, kwa simu, kwa upole, usimsubiri aone mwenyewe. Na yeye ndiye wa kuzungumza na mama yake. Wewe, mama mkwe akija tena, mkaribishe, mweke mahali pazuri, umwambie ukweli unaoniambia mimi: "Mama, naondoka alfajiri narudi usiku." Kondoa nako kuna vumbi. Huenda alinyamaza kwa sababu alikuona umechoka.

Kuhusu binti wa miaka 13, hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na hata isingekuwepo sheria, huyo amepishana mwaka mmoja tu na kijana wako. Nimewaona wodini watoto wa namna hiyo, viganja vimechunika kwa sabuni, hawana wa kumwambia wanaumwa wapi. Mwambie jirani yako ampeleke shule. Wewe tafuta mama mtu mzima wa mtaani kwako aje mara mbili kwa wiki, siku za mgao, afue na kudeki, mkubaliane malipo mapema na umlipe siku hiyo hiyo.

*Shangazi, mimi ni baba ninayelea watoto wawili peke yangu, niko Area D. Jumapili nilikuwa nasafisha choo, nikaona dawa ya choo haitoi madoa, nikamwagia na jiki juu yake. Ikatoka harufu iliyonikaba koo mpaka machozi. Nilikosea wapi?*

Pole sana baba. Dawa nyingi za kuondoa madoa chooni zina asidi, na jiki ina klorini. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza koo na mapafu, na choo cha ndani chenye kidirisha kidogo ndicho mahali pabaya kuliko pote. Ikitokea tena, toka nje mara moja, uache mlango wazi, usirudi kuflashi. Kifua kikiendelea kubana, nenda hospitali.

Tumia moja tu kwa siku moja. Jiki ichanganye na maji matupu: ile ya asilimia 3.5, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji, safisha uchafu kwanza kwa sabuni na usuuze, kisha pakaa na uache dakika 10. Lile doa jeupe gumu linaletwa na maji yetu ya chumvichumvi, jiki hailitoi. Mwagia siki usiku, usugue asubuhi. Nayo siki ni asidi, isikutane na jiki. Na tafadhali chupa hizo zipande juu, watoto wasifike.

*Shangazi, naweka maji kwenye mapipa mawili kwa ajili ya mgao. Nimeona vidudu vinachezacheza ndani. Niyamwage? Maji yenyewe ya shida. Mama, mtaa wa Kisasa.*

Usiyamwage ovyo mama. Hao ni viluwiluwi vya mbu. Chuja maji kwa kitambaa safi cha pamba uyahamishie kwenye ndoo, uyatumie kufulia na kudekia, na kitambaa ukianike juani. Kisha pipa tupu ulisugue kwa brashi ukutani kote, hasa pale usawa wa maji unapofikia, kwa sababu mayai hunata hapo na hayafi hata pipa likikauka. Kusuuza tu hakutoshi. Lijaze, lifunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, mfuniko ndiyo uje juu yake. Rudia kila wiki, kwa sababu yai huchukua kama siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka.