Nyimbo za Wafaransa kinywani mwa mwimbaji wa jazi: nawajibu

Wiki iliyopita niliisifia hapa albamu ya mwimbaji wa jazi wa Marekani, Dee Dee Bridgewater, iitwayo J'ai deux amours. Ilitoka 2005, na humo kazichukua nyimbo za zamani za Kifaransa akaziimba kijazi. Maswali yamemiminika, mengine ya kunichokoza tu. Haya hapa.

Jazi niijuayo mimi ni ya Morogoro Jazz na Nuta Jazz. Hii yako mbona haichezeki? (Msomaji, Tanga)

Hujakosea, mzee wangu. Kwetu neno hilo lilikaa kwenye majina ya bendi za dansi, tukalizoea hivyo. Jazi ninayoisema ni ile ya Wamarekani weusi, ya kina Louis Armstrong, ambayo mwimbaji hupewa wimbo unaojulikana na kila mtu, kisha watu wakatega masikio waone ataufanyaje. Umewahi kukaa kwenye taarabu, bibi akaanza wimbo wa marehemu fulani, ukumbi ukanyamaza kusikia pale pagumu atapita njia gani? Basi ndiyo hiyo. Na albamu hii ina akodiani, ala ambayo watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa.

Mmarekani na Kifaransa wapi na wapi? Si kujionyesha huko?

Hapana. Bridgewater alizaliwa Memphis mwaka 1950, akahamia Ufaransa miaka ya 1980 na kuishi huko miaka mingi. Lugha aliikuta sokoni na jikoni, si kwenye kitabu. Jina la albamu nalo lina historia yake: "nina wapenzi wawili" ni wimbo wa 1930 wa Josephine Baker, Mmarekani mweusi mwingine, aliyefika Paris mwaka 1925 na kupata uraia wa Ufaransa 1937. Wapenzi hao wawili ni nchi yake na Paris. Baadaye Baker alikuwa akigeuza neno dogo tu, ikawa nchi yake *ndiyo* Paris. Mwimbaji aliyeihama nchi iliyombagua haukosi wimbo huo.

Sijui hata neno moja la Kifaransa. Nitafaidi nini?

Utafaidi zaidi ya unavyodhani, ila ukielezwa kidogo wimbo unasema nini utafaidi maradufu. Chukua La mer, yaani bahari, wa mwimbaji Mfaransa Charles Trenet. Kwa Kifaransa ni wimbo wa bahari yenyewe: maji yanavyometameta, povu jeupe la mawimbi, ndege, nyumba zenye kutu kando ya maji. Hakuna mpenzi anayesubiriwa. Mtunzi Mmarekani, Jack Lawrence, alipouandikia maneno ya Kiingereza alimweka mpenzi ng'ambo ya pili anayemngoja msafiri, na mwimbaji Bobby Darin akautia tarumbeta mwaka 1959, ukawa wimbo wa kupiga vidole. Muziki ule ule, habari mbili tofauti kabisa. Mimi mtu wa pwani nipe ya Trenet. Bahari haihitaji kutafutiwa mchumba ndipo ipendeze.

Au Les feuilles mortes, yaani majani makavu. Muziki ni wa Joseph Kosma, mzaliwa wa Budapest, maneno ya mshairi Jacques Prévert. Prévert anasema majani yale yanazolewa kwa koleo, na kumbukumbu na majuto vivyo hivyo. Tazama hilo koleo! Ni kazi ya mfagiaji wa barabara, imeingizwa kwenye wimbo wa mapenzi bila kuomba ruhusa. Mtunzi Mmarekani, Johnny Mercer, alipoandika Kiingereza chake, koleo likatupwa; yakabaki majani mekundu na ya dhahabu yakipita dirishani. Ni maneno mazuri, sikatai, lakini ni ya mtu anayetazama nje akiwa ndani kwenye joto. Mfaransa yuko nje, anafagia.

Ndiyo maana nampenda Bridgewater kwenye albamu hii. Nyimbo kadhaa kazipa majina yote mawili, la Kifaransa na la Kiingereza, na anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine unasikia sauti yenyewe ikibadilika mkao. Hilo halihitaji kamusi.

Kweli Jacques Brel, mtunzi wa Ne me quitte pas, ni Mfaransa?

Mbelgiji.

Nina Simone, yule mwimbaji wa Marekani, aliimba Ne me quitte pas (usiniache) kwa lafudhi mbaya. Mbona mnamsifu?

Lafudhi ya Kimarekani imo, ni kweli. Lakini sikiliza wimbo unachosema. Mtu anaachwa, anaomba asiachwe, anajishusha mpaka anasema yuko radhi kuwa kivuli cha mbwa wa mpenzi wake. Brel mwenyewe alikuwa akisema kwamba wimbo huo hauhusu mapenzi, unahusu woga wa wanaume. Simone, mwaka 1965, haulii. Anaimba taratibu kama mtu anayehesabu hela za mwisho, na kila neno linapata nafasi yake. Nimewasikia wenye Kifaransa safi wakiuimba huku wakitiririkwa machozi, nisiamini hata chozi moja.

Kwa nini waimbaji wa jazi huharibu wimbo? Si wauimbe ulivyo?

Ndugu yangu, tafuta La vie en rose ya mwimbaji Mfaransa Edith Piaf, kisha ile ya Armstrong ya 1950. Kwa Armstrong karibu nusu ya wimbo inapita ni tarumbeta tu, na wimbo wa Piaf umo humo wote bila neno. Sauti inapoingia, ile ya mkwaruzo, anayachelewesha maneno kidogo nyuma ya mapigo, kama mtu asiye na haraka ya kufika nyumbani. Maneno mengine yote ni Kiingereza. Lile jina tu kaliacha Kifaransa. Kama huko ndiko kuharibu, waje waharibu na zangu.

Nina miaka 19, naimba kanisani, nataka kujaribu. Nianze na upi?

Anza na Les feuilles mortes, mwanangu. Kila mpiga kinanda wa jazi anaujua, hutakosa wa kukusindikiza. Ila usianze kuuimba. Yasome maneno kwa sauti wiki nzima kama unamsimulia mtu, ujue unapumua wapi. Na usikimbilie kiitikio. Kuna beti ya mwanzo ndefu, nusu maongezi, ambayo wengi huiruka. Iimbe hiyo.