Chupa zinatoka kwa wingi, mbona pesa sizioni?

SWALI: Natengeneza siagi ya karanga nyumbani, karanga nanunua Nyamakima. Januari nilisambaza chupa 240 za gramu 400 katika maduka 10, na Machi chupa 400 katika maduka 20. Maduka hunilipa yakishauza. Bidhaa inaonekana inakwenda, lakini pesa sizioni. Nipime nini? – Msomaji wa kike, Umoja, Nairobi

JIBU: Dada, ulichohesabu ni mzigo uliotoka jikoni kwako, si ulionunuliwa. Hata huo, ukiugawa kwa maduka, umeshuka: Januari kila duka lilipata chupa 24, Machi 20.

Kila ufikapo dukani, hesabu chupa mwenyewe; usitegemee kauli ya muuzaji. Chukua zilizokuwapo safari iliyopita, ongeza ulizoacha siku hiyo, kisha toa zilizobaki leo na zilizorudishwa. Zilikuwapo 6, ukaongeza 12, leo zimebaki 11 na 1 imerudi: zimeuzwa 6. Ikiwa zimepita wiki mbili, duka hilo huuza 3 kwa wiki. Kila duka lipe ukurasa wake daftarini, maana wastani wa maduka yote huficha lile lililolala.

Panapowaponza wengi ni rafu tupu. Duka lililouza chupa 18 kwa siku 14 huonekana linauza 9 kwa wiki. Kumbe chupa ziliisha siku ya 9! Kasi yake halisi ni 2 kwa siku, yaani 14 kwa wiki. Hapo ndipo pa kupeleka chupa zinazokaa bure kwingine. Andika basi na siku ambayo rafu iliisha. Wiki za kufungua shule zitenge, kwa sababu wazazi huwanunulia watoto wa bweni. Zilinganishe na ufunguzi wa muhula mwingine.

Sasa faida. Tuseme duka hukulipa shilingi 250, na karanga, kusaga, chupa na lebo hugharimu 190. Unabaki na 60. Chupa moja ikirudi imeharibika, imemeza 190, faida ya zaidi ya chupa 3. Kwa hiyo andika pia sababu ya kurudi. Mafuta kuelea juu si ubovu. Weka kwenye lebo "koroga kabla ya kutumia". Siagi iliyochacha hutokana na karanga zilizokaa sana, au rafu inayopigwa na jua. Kifuniko kinachovuja, badilisha anayekuuzia chupa.

Wanaokuagiza moja kwa moja kwa simu watakuonyesha kama siagi yenyewe inapendwa: kati ya walionunua mara ya kwanza Machi, wangapi walinunua tena kufikia mwisho wa Aprili? Wakionja wengi wakarudi wachache, chunguza ladha na bei kabla ya kutafuta duka la 21.

Mwisho, nauli. Bodaboda ya shilingi 200 hulipwa na faida ya chupa 4. Duka lisilouza 4 kati ya safari moja na nyingine linakula faida ya mengine. Lipelekee mara moja kwa mwezi, au ondoa chupa zako.