Nusu marathoni ya Ujiji: bodaboda inasema 21.1, saa zinabishana. Tupime vipi?

Swali: Kamati yetu inaandaa nusu marathoni ya ushindani. Tunaanzia na kumalizia Ujiji, tunapanda Mwanga, tunashuka hadi stesheni ya Kigoma, na kilomita zinazopungua tunazipata kwa kuchepuka barabara ya Mwandiga na kugeuza. Tulipima kwa bodaboda tukapata 21.1 kamili. Tukawatuma vijana watatu wakimbie na saa za GPS: mmoja kapata 20.9, wa pili 21.2, wa tatu 21.4. Kocha mmoja anatushauri tuchukue wastani. Ipi ni sahihi, na tutapimaje bila vifaa vya ghali? Halafu kuna suala la matokeo: safari iliyopita wawili walifika bega kwa bega na ukazuka ugomvi. — Katibu wa kamati, Ujiji

Jibu: Hakuna iliyo sahihi, ndugu Katibu. Na ukichukua wastani wa namba zenye makosa, unapata kosa jingine lenye desimali.

Mita ya pikipiki haikutengenezwa kwa kazi hii. Inasoma kwa hatua za mita 100, inategemea tairi limelika kiasi gani na lina upepo kiasi gani, na dereva anapita upande wake wa barabara, si pale atakapokanyaga mkimbiaji. Saa ya GPS nayo inakisia ulipo, kisha inaunganisha nukta, na chini ya miembe au kando ya majengo nukta hizo zinarukaruka. Juu ya hayo mkimbiaji mwenyewe anayumba: anawapita wenzake, anaifuata meza ya maji. Ndiyo maana hata kwenye njia iliyopimwa sawasawa saa nyingi husoma zaidi ya 21.1, na mtapigiwa simu na watu wanaolalamika kuwa njia yenu ni ndefu. Wazoeeni. Aliyepata 20.9 ndiye wa kuwanyima usingizi.

Nusu marathoni ni mita 21,097.5, na kwa mbio za ushindani dhambi kubwa ni njia kuwa fupi. Mwaka 1981 Mmarekani Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:13, ikatangazwa rekodi ya dunia. Njia ilipopimwa upya ikaonekana imepungua kama mita 148, na rekodi ikafutwa. Marathoni ya Manchester ilikuwa fupi kwa mita 380 kuanzia 2013 hadi 2015, maelfu ya watu wakaambiwa muda wao hautambuliwi. Kijana wenu anayekimbia kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 10 atapata karibu nusu dakika ya bure kwenye mita 150. Akiupeleka muda huo kwa waandaaji wa Moshi au Dar es Salaam, aibu itamkuta huko.

Kifaa mnachohitaji ni baiskeli. Sitanii. Marathoni kubwa zote zinazotambuliwa na World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, hupimwa kwa baiskeli iliyolinganishwa na tepu ya chuma. Wapimaji hufunga kwenye gurudumu la mbele kikaunta kiitwacho kaunta ya Jones, kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkiweza kukiazima, vizuri. Msipoweza, hesabuni mizunguko ya gurudumu wenyewe. Kazi inachosha, ila inawezekana.

Anzeni na kipande cha kulinganishia. Tafuteni lami iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari mengi. Kanuni ya upimaji inataka kisipungue mita 300, mimi napenda 400. Kipimeni kwa tepu ya chuma ya mita 50. Ya kitambaa au plastiki inavutika, iacheni kwa fundi cherehani. Tepu ivutwe kwa nguvu ileile kila mara, kama kilo 5, na hapo mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki wa Kibirizi inatosha kabisa: ndoano kwenye pete ya tepu, vuta hadi mshale usome 5, mwenzako achore. Msichore kwa chaki juu ya lami yenye vumbi. Bandikeni kipande cha plasta, mchore mstari mwembamba kwa kalamu juu yake. Mkifika mwisho, pimeni tena kwa kurudi. Chuma hutanuka kwa joto, na tepu hutengenezwa iwe sahihi kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30, mita 400 zitakosea kama sentimita 5, tena kuelekea upande salama. Pimeni asubuhi, msihangaike zaidi ya hapo.

Sasa baiskeli. Iwe na ringi isiyopinda na tairi lililojazwa gumu tangu jana yake, na kuanzia hapo asiiguse mtu na pampu mpaka kazi iishe. Fungeni utepe mwekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele. Spoku hiyo ikielekea chini kabisa, juu ya alama, ndipo mnapoanza. Mwendeshaji aende polepole, kama mzunguko mmoja kwa sekunde, na kila utepe unapopita chini abonyeze kile kikaunta cha mkononi cha kuhesabia watu. Mwisho wa kipande gurudumu halitasimama kwenye mzunguko kamili, kwa hiyo mabaki yanahesabiwa kwa spoku. Gurudumu la inchi 28 lenye spoku 36 hutembea takriban mita 2.2 kwa mzunguko, hivyo kila spoku ni kama sentimita 6. Kwa usahihi huo hakuna bodaboda itakayowafikia.

Pitieni kipande hicho mara nne, mbili kwenda na mbili kurudi, mwendeshaji akiwa yuleyule atakayepima njia, kwa sababu uzito wake unalibonyeza tairi. Tuseme wastani umetoka mizunguko 182.5 kwa mita 400. Hiyo ni 456.25 kwa kilomita. Zidisheni kwa 1.001, mpate 456.706. Ile moja ya elfu ni kinga iliyowekwa na kanuni dhidi ya njia fupi: mita moja kwa kila kilomita, kama mita 21 kwa mbio zenu. Msiione hasara, wala asitokee mjumbe wa kuipunguza ili muda uvutie. Zidisheni tena kwa 21.0975: mizunguko 9,635 na spoku 13. Hapo ndipo mstari wa kumalizia.

Msihesabu 9,635 kwa mkupuo. Kateni njia vipande vya kama kilomita moja, nguzo hadi nguzo, simameni, andikeni, anzeni upya. Mkimaliza, rudini kwenye zile mita 400 na mpite tena mara nne. Jua likipanda, hewa ndani ya tairi hupanuka na mizunguko hupungua. Kati ya hesabu ya asubuhi na ya baadaye, tumieni yenye mizunguko mingi kwa kilomita. Baiskeli ya pili ipime siku hiyohiyo kwa hesabu yake. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 0.08, yaani mita 17 hivi, kuna mtu amesahau kubonyeza.

Mahali wengi wanapoharibu ni mstari wenyewe wa kupitisha baiskeli. Hupimi katikati ya barabara, wala upande wa kushoto kama unavyoendesha siku zote. Unapima njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji ataruhusiwa kupita. Kwenye kona unakaa sentimita 30 kutoka ukingoni, kwa ndani, na kutoka kona ya kulia hadi kona ya kushoto unakata mshazari ulionyooka. Kona ya pembe mraba ukiichukua mita moja nje zaidi, umeongeza mita 1.57 ambazo mshindi hatazikimbia. Panda-shuka ya Mwanga ina kona za kutosha kuila ile kinga yenu yote.

Kwa hiyo kabla ya kupima, amueni na trafiki: barabara inafungwa yote, au wakimbiaji wanabaki upande mmoja huku bajaji zikiendelea upande wa pili? Ikifungwa yote, pimeni mshazari. Ikiwa ni upande mmoja, pimeni ndani ya upande huo tu, na siku ya mbio koni na wasimamizi wawepo kwenye kila kona. Kona isiyo na msimamizi itakatwa, na kipimo chenu cha siku nzima kitakuwa karatasi tu.

Mahali pa kugeuzia barabara ya Mwandiga ndipo mtakaporekebishia umbali. Njia ikipungua mita 120, sogezeni koni ya kugeuzia mita 60 mbele, kwani kila mita inakimbiwa mara mbili. Kwa sababu hiyohiyo, koni ikisukumwa na mtoto mita moja tu, mbio zimebadilika kwa mita mbili. Pigilieni msumari wenye washa (kile kibati cha duara chenye tundu) kwenye lami, andikeni umbali wake kutoka nguzo ya umeme iliyo jirani kwa mita na sentimita, na mpige picha. Fanyeni vivyo hivyo mwanzo, mwisho na kila kilomita.

Kuanzia na kumalizia Ujiji ni uamuzi mzuri. Ili muda uhesabike kwenye rekodi, mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho usizidi mita moja kwa kila kilomita, na umbali wa hewani kati ya sehemu hizo mbili usizidi nusu ya urefu wa mbio. Nyinyi mko salama kwa yote. Ila msitangaze kuwa njia imethibitishwa kimataifa: hilo linahitaji mpimaji mwenye daraja A au B la World Athletics/AIMS (AIMS ni chama cha kimataifa cha waandaaji wa marathoni na mbio ndefu), na cheti chake hudumu miaka mitano. Mkikitaka, zungumzeni mapema na chama cha riadha cha mkoa na Riadha Tanzania.

Maji yawepo mwanzo, mwisho na takriban kila kilomita 5. Kwa joto la kwenu, kama mbio ni za Septemba au Oktoba, mimi ningeyakaribisha zaidi na kuanza saa 12 na nusu asubuhi.

Kuhusu wale wawili wa bega kwa bega: nafasi na muda ni vitu viwili tofauti. Tarehe 15 Septemba 2025 jijini Tokyo, kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, lakini ubingwa ulikuja Tanzania kwa sababu kifua cha Simbu kiligusa mstari sekunde 0.03 mapema. Kinachoangaliwa ni kiwiliwili. Mkono, kichwa na mguu havihesabiwi. Wekeni simu juu ya stendi ya miguu mitatu, usawa wa mstari kabisa, irekodi video tangu kabla ya mtu wa kwanza hadi mwisho. Mtu mmoja asome muda kwa sauti, wa pili aandike muda, wa tatu aandike namba za kifuani kwa mpangilio, na baada ya mstari kuwe na njia nyembamba ya kamba ili asipitwe aliyetangulia. Saa ianze kwa bunduki au king'ora, na sehemu ya sekunde ipandishwe: 1:07:15.1 inaandikwa 1:07:16. Matokeo yakishabandikwa, andikeni juu yake saa yalipobandikwa, kwa sababu mwenye malalamiko ana dakika 30 tangu hapo.