Lusaka, kule kunakotoka unga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama sehemu ya kwanza ya mfululizo mpya wa mashujaa wenye nguvu za ajabu inatosha kumfanya mtazamaji aamue kuendelea au kuacha. Jibu langu la haraka lilikuwa kwamba haitoshi, kwa sababu sehemu ya kwanza huwa ni ya kukusanya watu tu: huyu anagundua kipaji chake, yule anakataa kisha anakubali, na adui anaonekana kwa mgongo tu. Lakini ile niliyoitazama mimi, ya Supa Team 4, katuni iliyoanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 20 Julai 2023, imeniachia swali jingine, nalo ni la mji anakotoka shujaa. Humo wasichana wanne wa shule wanakusanywa na Mama K, jasusi mstaafu, ili waulinde mji wa Lusaka wa siku zijazo, tena kwa fedha kidogo.

Tuliitazama nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo, umeme ukiwa umekatika tangu adhuhuri, katika simu ya mpwa wangu aliyekuwa ameipakua akiwa Kitwe, Zambia. Tuliiegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, watoto watano wakabanana mbele yake, nami nikakaa nyuma nikijifanya nasoma. Lusaka ilipotajwa, mjukuu wangu wa miaka minane aligeuka: “Nkambo, ni Lusaka ile kunakotoka unga?” Nikamwambia ndiyo. Akaenda jikoni kwa kupapasa, akarudi akiburuta mfuko mtupu wa kilo 25, ule tunaotilia makaa, akaufuata kwa kidole herufi kwa herufi, kwa mwanga wa simu, mpaka akalifikia neno Lusaka. Wenzake walimpigia kelele kwa kuwa mfuko ulikuwa umekiziba kioo chote, na vumbi la makaa lilikuwa limewaingia machoni. Hakujali. Mifuko ya namna hiyo niliileta mimi kwa miaka mingi, nikivuka mpaka Kasumbalesa, nikipita Chingola na Kabwe, nikilala juu ya mizigo yangu kwenye kituo cha mabasi, wala hakuna mtoto wa nyumba hii aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu Lusaka.

Kasoro zipo. Mji wenyewe umechorwa safi mno, na Cairo Road niliyoikanyaga mimi sikuitambua. Kiingereza chao kinakwenda mbio kuliko masikio ya watoto wanaosomeshwa kwa Kifaransa, ikabidi mpwa wangu atafsiri, naye aliruka mengi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuiponda. Kisha nikakumbuka kwamba aliyeibuni, Malenga Mulendema wa Zambia, aliteuliwa mwaka 2015 katika shindano la hadithi la studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Ni kazi ya miaka minane, nami nataka kuihukumu kwa dakika zisizotimia nusu saa, tena nyingine zimefunikwa na mfuko wa makaa.

Basi naandika kwamba inatosha, ikiwa mji wa shujaa ni ule ambao mtoto anaweza kuukuta jikoni kwao; kwa mashujaa wa New York nabaki na jibu langu la kwanza. Sehemu ya pili tutaitazama mpwa atakaporudi. Mjukuu ameniuliza kama Mama K hula bukari, yaani ugali wetu, nami nimemjibu kwamba bila shaka hula, ila kule wanaiita nshima.