Jibu: Mwenzetu anayebaki nyuma kwenye reidi
Ndugu, umeuliza mfanyeje na mwenzenu wa mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft ambaye mapigo yake kwa bosi (adui mkuu wa pambano) hayafiki nusu ya yale ya wengine, ilhali mnacheza kwa kujifurahisha. Tafadhali msimtoe. Reidi (mapambano ya kikundi dhidi ya mabosi) za ngazi za ugumu za Normal na Heroic hupokea wachezaji 10 hadi 30, na uhai wa bosi hubadilika kulingana na idadi yenu, kwa hiyo nafasi ya kumvumilia anapojifunza mnayo.

Mwombe ruhusa faraghani, kamwe si mbele ya kikundi, kisha mfungue pamoja kumbukumbu za pambano kwenye tovuti ya Warcraft Logs. Msianze na jumla ya mapigo. Tazameni alikufa wakati gani, na ni muda gani alisimama bila kutumia uwezo wowote. Nilipokaa hivyo na mwenzangu mmoja, tuligundua kwamba uwezo wake mkubwa, unaorudi kila baada ya dakika 2, aliutumia mara moja tu katika pambano la dakika 7, kwa kuwa kitufe chake kilikuwa mbali na vidole. Tulikihamisha usiku uleule. Mpe jambo moja la kurekebisha kila wiki, na akilifanikisha, msifuni mbele ya wote.