Aliyempiga Angela ni mama yake

Dada, umeuliza kwa nini riwaya za ukatili wa kulinda heshima ya ukoo zinawaonyesha wanaume tu wakiwa watesaji. Si zote. Katika riwaya fupi ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1981, Chronicle of a Death Foretold, ile ya mauaji ya Santiago Nasar, Angela Vicario anarudishwa kwao usiku uleule wa harusi kwa kuwa si bikira. Anayempiga ni mama yake mzazi: mkono mmoja umeshika nywele, mwingine unashusha kipigo, kimyakimya, hata baba aliyelala asisikie. Kisha kaka zake mapacha wanamuua Santiago, ambaye Angela anamtaja kuwa ndiye aliyemwondolea ubikira, na mchumba wa mmoja wao anasema asingekubali kuolewa naye kama asingetimiza wajibu wa mwanamume. Hapo ndipo huwa naumia zaidi. Halafu mahakama nayo ikaukubali utetezi wa mapacha kwamba waliua kulinda heshima!

Wasomaji wengi humlilia Santiago, Angela wakamsahau kabisa. Ukiirudia, anzia kwenye zile nywele mkononi mwa mama. Kwa Kiswahili, isome sambamba na Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), pale Zakaria anapompiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana.