Niite mwenye usonji, usiniite mgonjwa

Mimi ni mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza "autism"), na hivyo ndivyo ninavyopenda kutajwa. "Anaugua usonji" sipendi, na "mhanga wa usonji" ndiyo sitaki kabisa kuisikia. Usonji haukunipata njiani kama malaria. Nilizaliwa nao, ndivyo ubongo wangu unavyopokea sauti, mwanga na maneno ya watu.

Neno "ugonjwa" linaniuma zaidi kwa sababu haliishii mdomoni. Familia ikishaambiwa mtoto anaumwa, itatafuta dawa. Atazungushwa kwa waganga, ataombewa, watauziwa virutubisho vya bei mbaya, na pesa ambayo ingemsaidia kujifunza kuwasiliana inakwisha. Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Kifafa, ambacho baadhi yetu tunacho pia, hicho ni ugonjwa na kina dawa hospitalini, kwa hiyo tafadhali msivichanganye.

Jambo jingine ni hii kauli ya "ana usonji kidogo tu". Mtu akinisikia nazungumza vizuri anadhani sihitaji chochote, wakati kelele za stendi zinaweza kunimaliza nguvu za siku nzima. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 umeweka ngazi tatu za usonji kwa kuangalia msaada ambao mtu anauhitaji. Mzazi, nakushauri ufuate njia hiyo, useme msaada ambao mtoto wako anauhitaji. Ukienda shuleni mwambie mwalimu: "Akae mbali na kelele, na maelekezo umpe moja moja." Hapo mwalimu anajua la kufanya.

Haya ni mapendeleo yangu, na wenzangu wana yao. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu wazima wengi wenye usonji hupenda usonji utajwe kama sehemu ya utu wao, ilhali wataalamu wengi walipendelea kumtaja mtu kwanza, usonji baadaye. Mimi nadhani mwenye jambo ndiye wa kusikilizwa. Kwa hiyo uliza kabla hujaandika habari zake au kumtambulisha mbele za watu. Kama hazungumzi kwa mdomo, usimwite bubu. Muulize kwa picha, au mpe simu aandike, na swali umwelekeze yeye, si mama yake aliyekaa pembeni. Akisema hataki usonji wake utajwe, mtambulishe kwa jina lake.